Jicho Dogo Halingoji Mtoto Akue

Miongoni mwa watoto wanaozaliwa katika hospitali na zahanati za Tanzania, wamo wachache ambao jicho lao moja halikukua ipasavyo tumboni. Jicho moja hufunguka na kuufuata uso wa mama. La pili ni dogo mno, au limefichwa na kope zisizoachana vizuri. Kitaalamu hali hiyo huitwa mikrofthalmia. Ni hali nadra: katika nchi zenye rejesta za kasoro za kuzaliwa, huhesabiwa watoto kumi na kadhaa tu katika kila vizazi 100,000. Kwa uadimu huo, muuguzi aweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, na siku anapokutana nayo mzazi huambiwa neno la kumfariji: "Mtoto bado mdogo, subiri akue kwanza."

Neno hilo husemwa kwa nia njema, nalo lina madhara. Katika hali hii yanayoweza kungoja ni machache, na yasiyoweza kungoja ni mengi. Mtoto mwenye jicho moja dogo anastahili kuonwa na daktari wa macho wa watoto katika wiki za kwanza za maisha yake, hata kama jicho la pili linaonekana zima, na hata kama hakuna upasuaji utakaofanywa mwaka huo.

Lawama isiyo na mwenyewe

Kabla ya kuzungumzia tiba, lipo jambo linalowachelewesha wazazi wengi kuliko umbali wa hospitali, nalo ni lawama. Ndugu huuliza mama alikula nini, alikwenda wapi, alimkosea nani. Wengine husema alimcheka mwenye chongo alipokuwa mja mzito. Wengine hutaja mkosi au uchawi. Mama aliyebebeshwa maneno hayo humfunika mtoto kwa khanga, humficha kwa majirani, na hata kliniki huenda kwa kujiiba.

Ukweli wa kisayansi ni mwepesi kueleza, na kila mhudumu wa afya anapaswa kuweza kuueleza kwa sauti ambayo baba na bibi wa mtoto watausikia pia. Macho huanza kuumbika mapema sana. Kufikia wiki ya nne ya mimba, vichipukizi viwili vya macho vimekwisha kuchomoza kutoka kwenye ubongo unaoumbika. Kati ya wiki ya tano na ya saba, ufa ulio upande wa chini wa kila jicho huziba. Usipoziba vizuri hubaki pengo liitwalo koloboma, ambalo mara nyingi huandamana na jicho dogo. Katika wiki hizo wanawake wengi hawajajua hata kuwa ni wajawazito.

Vyanzo vinavyojulikana ni pamoja na mabadiliko katika jeni zinazoongoza uumbaji wa jicho, kasoro za kromosomu, na baadhi ya maambukizi wakati wa ujauzito, kama vile rubela na toksoplasma. Pombe na baadhi ya dawa, kwa mfano isotretinoini inayotumiwa kutibu chunusi kali, nazo huweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Kwa watoto wengi, hasa walioathirika jicho moja tu, chanzo hakipatikani hata baada ya vipimo. Panapowezekana kinga, itumike: chanjo ya surua na rubela, iliyoingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014, humlinda mtoto anayechanjwa leo na huwalinda watoto ambao binti huyo atawazaa kesho. Lakini mama aliyekwisha kujifungua hahitaji kuhojiwa kana kwamba yuko mahakamani. Anahitaji kuambiwa kwamba hakufanya kosa, kisha aonyeshwe njia ya kwenda.

Muda usiorudi

Kwa nini wiki za kwanza zina uzito mkubwa hivyo? Sababu ya kwanza imo katika mifupa ya uso. Jicho la kawaida la mtoto mchanga lina urefu wa takribani milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, na la mtu mzima takribani milimita 24. Likikua, huisukuma mifupa ya tundu lake nayo ikapanuka. Likiwa dogo mno, mifupa hukosa msukumo: tundu hubaki finyu, kope hubaki fupi, na kadiri miaka inavyokwenda uso huzidi kutofautiana pande mbili.

Tiba ya jambo hilo, kwa mtoto anayeihitaji, ni ganda dogo la plastiki lililotengenezwa kwa kipimo chake. Huwekwa chini ya kope, juu ya jicho dogo, na hubadilishwa kwa kubwa zaidi kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Kazi hii huanza mapema kwa sababu tishu za mtoto mchanga hunyumbuka, na uso hukua haraka zaidi katika miaka ya mwanzo. Aliyeanza mapema aweza baadaye kuvaa ganda lililopakwa rangi kufanana na jicho lake zima. Aliyeletwa akiwa na umri wa kwenda shule mara nyingi huhitaji upasuaji ili apate nafasi ambayo ganda lingeipanua pole pole.

Sababu ya pili ni kuona kwenyewe. Si kila jicho dogo ni pofu. Yapo yanayotambua mwanga, yapo yanayoona mkono ukipita, na yapo yanayoona zaidi ya hapo. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya kwanza ya maisha. Jicho lenye ukungu wa mtoto wa jicho, au lenye kuhitaji miwani mikali, likinyimwa msaada katika miaka hiyo huwa jicho vivu, na miwani ya ukubwani hairudishi kilichopotea. Ndiyo maana kabla ya kufunika jicho dogo lazima lipimwe kama linaona. Kama linaona, ganda lisilopitisha mwanga halifai kuwekwa kwa ajili ya kupendeza tu. Daktari aweza kuagiza ganda angavu, miwani, au kufunika jicho zima kwa saa maalumu ili jicho dogo lifanye kazi.

Sababu ya tatu husahaulika zaidi. Jicho linaloitwa zima laweza kuwa na kasoro isiyoonekana kwa nje: koloboma iliyojificha nyuma, mtoto wa jicho mdogo, au neva ya jicho isiyokomaa. Zaidi ya hayo, jicho dogo laweza kuwa dalili ya nje ya tatizo lililo mahali pengine mwilini. Moyo, figo, masikio na ubongo vyote vinastahili kukumbukwa. Mtoto asiyeona vizuri upande mmoja akagunduliwa kuchelewa kwamba hasikii vizuri pia amepoteza mara mbili.

Hoja ya umbali na gharama

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu ni rahisi kuutoa Dar es Salaam na mgumu kuutekeleza Kigoma au Sumbawanga. Hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Madaktari bingwa wa macho ya watoto ni wachache, nao hupatikana katika vituo vichache kama Muhimbili, CCBRT na KCMC mjini Moshi. Sera huwasamehe watoto wa chini ya miaka mitano malipo ya matibabu katika vituo vya umma, lakini haimlipii mzazi nauli ya basi wala chumba cha kulala, na vifaa maalumu si wakati wote hupatikana bure.

Ugumu huo unadai rufaa iliyoandaliwa vizuri. Mzazi atakayesafiri siku nzima au mbili asifike na karatasi iliyoandikwa "tatizo la jicho" peke yake. Karatasi ieleze umri, uzito wa kuzaliwa, yaliyotokea wakati wa ujauzito, na kasoro nyingine zilizoonekana. Afisa ustawi wa jamii ahusishwe kabla ya safari, na kituo kinachopokea kipigiwe simu. Uchunguzi wa macho yote mawili, picha ya mawimbi ya sauti ya jicho, kipimo cha usikivu na mpango wa miezi inayofuata vipangwe katika safari hiyohiyo kadiri iwezekanavyo, kisha ufuatiliaji mdogo urudi hospitali ya mkoa.

Ni kweli pia kwamba si kila jicho dogo huhitaji ganda. Likiwa limepungua kidogo tu, na uso unakua sawa, kufuatilia kwaweza kutosha. Upasuaji wa kurekebisha kope, na jicho bandia la kudumu, navyo kwa kawaida huja baadaye. Hata hivyo, uamuzi wa kungoja ni wa daktari aliyemchunguza mtoto. Haupaswi kufanywa mlangoni mwa zahanati na mtu ambaye hakumulika hata jicho moja.

Nafasi ya kumwona mtoto haikosekani. Kwa ratiba ya chanjo ya Tanzania, mtoto hupita mikononi mwa wahudumu wa afya anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9. Ni mara tano kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika kila moja ya siku hizo, kufungua kope zote mbili taratibu, kulinganisha ukubwa wa macho, kutazama kama mboni ni nyeusi au ina weupe, na kuona kama mtoto anafuata uso au mwanga, ni kazi ya dakika chache. Mboni yenye weupe, katika jicho la ukubwa wowote, ni dharura: yaweza kuwa mtoto wa jicho, na yaweza kuwa saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo.

Malezi ya jicho linalobaki

Nyumbani, mzazi ana kazi mbili. Moja ni kutunza upande wenye jicho dogo. Mikono ioshwe kabla ya kugusa ganda. Likidondoka lisafishwe kama kliniki ilivyoelekeza na lirudishwe, au mtoto apelekwe mapema, kwa kuwa tundu likikaa wazi muda mrefu huweza kusinyaa. Dawa za majani, maziwa ya mama na matone ya kuazima kwa jirani yasitiwe jichoni. Huweza kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho. Jicho likiwa jekundu, likitoa usaha, au mtoto akilikwepa jua kwa maumivu, asisubiri tarehe ya kliniki.

Kazi ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kulinda jicho zima. Mtoto huyu hana akiba. Anapoanza kutembea na kucheza avae miwani ya kinga yenye lenzi za polikaboneti, ambazo hazipasuki kirahisi, hata kama haihitaji kuongezewa nguvu ya kusomea. Manati, njiti na vijiti vyenye ncha viwekwe mbali naye. Jicho hilo lipimwe kila mara daktari anapoagiza, hata mwaka ambao mtoto halalamiki chochote.

Mbali na tahadhari hizo, mtoto aachwe awe mtoto. Anayezaliwa akitumia jicho moja hujifunza kukadiria umbali kwa kutikisa kichwa, kwa vivuli, na kwa ukubwa wa vitu. Atakimbia, atapanda mti, atasoma. Atahitaji kufundishwa kugeuza kichwa chote anapovuka barabara. Na kwa kuwa magari ya Tanzania hupita kushoto, gari la kwanza humtokea kulia, hivyo mtoto asiyeona upande wa kulia afundishwe jambo hilo mapema zaidi. Darasani, mwenye jicho dogo la kushoto akae upande wa kushoto wa chumba, ili ubao na wenzake wawe upande anaoona.

Linabaki jina. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo husifu upendo unaositiri, na familia nyingi huishi nayo: "Hana chochote, ni kengeza kidogo tu." Kwa mtoto huyu sitara ya namna hiyo haitoshi, kwa maana jicho lisilotajwa kwa jina lake halipelekwi hospitali. Mzazi ampe maneno ya kweli na mafupi ambayo mtoto mwenyewe ataweza kuyasema shuleni: "Jicho langu hili halikukua nilipokuwa tumboni, hili jingine linaona." Mwalimu naye asikubali "chongo" liwe jina la mwanafunzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na wahenga hao hao walikwisha kuonya kwamba hujafa hujaumbika.

Mkunga anayempokea mtoto wa namna hii ana mambo matatu ya kufanya kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani: amweleze mama na waliomsindikiza kwamba hakuna mkosaji, aandike hali ya macho yote mawili katika kadi ya kliniki, na ampe rufaa yenye tarehe.