Rangi ya nje: pima ukuta mbele ya kuita fundi

Hapa Bukavu kiangazi kinaelekea kwisha. Septemba mvua inarudi, na feza ya shule inadaiwa. Mwenye kutaka kupaka nyumba rangi kwa nje asianze kwa kuuliza bei, apime kwanza.

Nyumba ya mita 10 kwa 8, ukiizunguka ni mita 36. Kuta zikiwa na mita 3 kwenda juu, ni mita za mraba 108. Lita moja ya rangi ya maji inafunika karibu mita 10 za mraba, na tunapaka mara mbili: lita 22 hivi, chini kidogo ukitoa milango na madirisha. Ukuta wenye kukwaruza unakunywa zaidi, lakini fundi akiomba ndoo tatu za lita 20, apime mbele yako.

Rangi nunua mwenyewe, na ndoo ifunguliwe ukiwapo, maana maji yakizidi rangi haidumu. Kazi ya mikono lipa kwa vipande, cha mwisho ukisha kuzunguka nyumba yote mchana. Muandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari, kama kukwangua rangi ya zamani kumo ndani ya bei. Ugomvi mwingi unatoka hapo.

Ukuta mpya wa simenti uache wiki nne ukauke, hata kama likelemba imekuangukia leo.