Dokta wa zamu alimkatiza mgonjwa

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme jambo lililonikaa rohoni tangu msimu wa mvua uliopita. Nimekuja kugundua si langu peke yangu, maana kila ninapolisimulia dukani, mteja huweka kitenge chini akaanza kunisimulia la kwake.

Mdogo wangu aliamka usiku akilia kwa maumivu ya tumbo, chini upande wa kulia. Si mtu wa kulia huyo. Wanawe wawili aliwazaa kimya hadi wakunga wakamshangaa. Safari hii jasho la baridi lilikuwa likimtoka, akisimama anaona giza, na alilalamikia kitu ambacho hakuna aliyekielewa pale nyumbani: bega linamuuma. Kupata teksi saa zile ilikuwa kazi. Mwaka 2022 pikipiki na tuk-tuk zilipigwa marufuku katikati ya jiji la Bujumbura, na mwenye gari naye hakuwa na hakika na petroli yake. Tulifika hospitali moja hapa hapa Rohero. Sitaitaja, kwa sababu sitaki barua hii isomwe kama ugomvi wangu na jengo moja.

Mapokezi walitaka amana kwanza. Tulilijua hilo, tukalipa. Dokta wa zamu akaja, akasimama miguuni pa kitanda, simu mkononi. Tumbo hakuligusa. Mdogo wangu alipoanza kueleza habari ya bega, alimkatiza: "Mama, kinachouma ni tumbo au bega? Chagua moja." Kisha akamgeukia muuguzi na kumwambia kwa Kifaransa kwamba huyu ana amiba na anaigiza kidogo, wanawake wa siku hizi hawavumilii. Alidhani hatumwelewi. Mdogo wangu ni mwalimu wa Kifaransa.

Akaandika dawa ya amiba na ya kutuliza maumivu, akaondoka. Nilimfuata kwenye korido nikamwomba kwa adabu arudi amtazame vizuri. Akaniuliza udaktari nimesomea wapi.

Kulipopambazuka aliingia muuguzi wa zamu nyingine, mama mtu mzima. Alimpima presha, akakunja uso, akauliza: "Mwanangu, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo usiku kucha. Akachukua mkojo, akachovya kile kipimo cha karatasi. Ilikuwa mimba, na ilikuwa imetunga nje ya mji wa uzazi. Mrija ulikuwa umepasuka, damu inamwagikia tumboni. Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Yu hai, na amerudi kufundisha.

Baadaye niliwauliza wanaojua, nikaelezwa habari ya bega. Damu ikivujia tumboni huusumbua msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa msuli huo hutoka shingoni, mahali pamoja na ile ya bega. Ndiyo maana mwanamke anayevuja damu tumboni anaweza kulalamikia bega. Dalili hiyo hufundishwa vyuoni. Kwa hiyo maneno yale dokta aliyoyakatiza ndiyo yaliyokuwa yamebeba ugonjwa. Watu wakisikia malalamiko kama yangu hudhani tunataka kubembelezwa, tuitwe "mama mpenzi" na kuandaliwa kiti. Mimi nataka mgonjwa asikilizwe kwa sababu hiyo ni sehemu ya kupima, sawasawa na kushika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo.

Najua yatakayosemwa: madaktari ni wachache, wengine wamekwenda nje kutafuta mishahara, anayebaki hulala akiwa amesimama. Kweli kabisa, na serikali inapaswa kuulizwa juu ya hilo. Lakini swali la hedhi huchukua muda gani? Karatasi ile ya mkojo inauzwa katika maduka ya dawa, na jibu lake hutoka kwa dakika chache. Hatukumwomba skana wala bingwa kutoka Nairobi. Na uchovu haumfundishi mtu kusema kwamba mgonjwa anaigiza. Dharau hiyo anakuwa nayo kabla zamu haijaanza.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka mwaka 2006, Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza tarehe 1 Mei kwamba watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure. Wodi zilijaa. Kabla ya hapo watu walikuwa wakizuiliwa hospitalini hata baada ya kupona, wakisubiri ndugu walipe deni, na mashirika ya haki za binadamu, Human Rights Watch na APRODH, yaliliandika jambo hilo mwaka huo huo. Nchi hii ilipiga kelele juu ya pesa, na kelele zikasikika kwa kiasi chake. Juu ya namna mtu anavyopokelewa akishafika kitandani, hatujapiga kelele yoyote. Tunanong'ona tu, tena nyumbani.

Katiba yetu ya 2018 inatambua haki ya kila mtu kupata huduma za afya. Wakenya wamekwenda mbele kidogo: ibara ya 43 ya katiba yao ya 2010 inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo, mwaka 2015 majeruhi wa ajali alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Naleta mfano huo ili asije mtu akanijibu kwamba sheria ipo. Najua ipo.

Nilirudi hospitali ile kulalamika. Nikaonyeshwa sanduku la maoni ukutani, lina kufuli. Niliuliza nani ana ufunguo. Mlinzi akasema labda utawala, utawala wakasema labda mlinzi. Nikaomba kuona faili. Usiku ule dokta alikuwa ameandika "maumivu ya tumbo" na majina ya dawa. Bega halimo. Saa tuliyofika haimo. Lau mdogo wangu angekufa, karatasi ile ingeonyesha kwamba mama mmoja aliumwa tumbo akapewa dawa.

Naiomba Wizara ya Afya ya Umma iagize kila chumba cha dharura, cha serikali na cha binafsi, kiandike saa ya kufika na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema mwenyewe, Kirundi kwa Kirundi, Kiswahili kwa Kiswahili, kabla ya jina lolote la ugonjwa. Daktari atakayekuja asubuhi angalau atayasoma. Na Baraza la Madaktari litutangazie redioni, kwa lugha tunazozungumza sokoni, malalamiko yanapelekwa wapi, yanapokelewa na nani na jibu linachukua muda gani. Dokta yule simwombei kufukuzwa. Ni kijana, tena tumebaki na wachache. Ningefurahi aitwe, asomewe faili la usiku ule, kisha aambiwe tulichokikuta asubuhi.

Na wewe dada unayesoma hapa, kama bado unapata hedhi na tumbo limekushika ghafla, dai kipimo cha mkojo kabla hujapokea karatasi ya dawa. Wakikuuliza umesomea wapi udaktari, endelea kudai.

Muuza vitenge,
Rohero, Bujumbura