Mapicha yetu yakae kwetu!

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na kila fasi munasoma hii,

Tunapiga makelele juu ya maji, umeme, barabara na usalama, na tuko na haki. Lakini kuko kitu kimoja tunakitoa kila siku na mikono yetu wenyewe, bila mtu kutulazimisha: kumbukumbu yetu. Harusi ya dada, matanga ya babu, mtoto anaanza kutembea, nyumba iliyobebwa na maji, maandamano. Yote inaingia mu telefone, kisha telefone inaituma kwa kampuni kule Marekani. Tunasema "iko mu wingu". Hakuna wingu! Ni ordinatere ya mtu mwingine, mu nyumba ya mtu mwingine, chini ya sheria ya mtu mwingine.

Na ile sheria inabadilika bila kutuuliza. Google Photos ilianza mu 2015 na ahadi ya kuchunga mapicha bure, bila mwisho. Tarehe 1 Juni 2021 ahadi ikaisha: gigabaiti 15 tu, na barua pepe zako zinahesabiwa mule mule. Munakumbuka ile wiki? Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei. Wakati sheria mpya inaanza, watu wengi wa Goma walikuwa wangali Sake, Minova ao Gisenyi. Hakuna aliyetungojea.

Tufanye hesabu. Picha moja ikichukua megabaiti 3, gigabaiti 15 ni picha 5 000 hivi. Kisha hapo, lipa kila mwezi, na karte ya benki ambayo vijana wengi hawana. Tena, tangu Desemba 2023, konti ya Google ambayo haijatumiwa miaka 2 inaweza kufutwa na kila kitu ndani. Fikiria mtu aliyekimbia vita, akanyanganywa telefone, akapoteza namba yake. Kwake miaka 2 si kitu.

Na siku intaneti inakatwa? Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, walikata inchi nzima, ikarudi mu Januari karibu siku 20 kisha. Picha iliyo mu wingu siku kama ile ni sawa picha isiyokuwako.

Wananchi walikatala RAM, ile kodi ya dola 7 kwa mwaka juu ya telefone za 3G na 4G, mpaka ikaondolewa mu 2022. Sasa juu ya nini tukubali kodi ya kila mwezi ili kuangalia sura za mama zetu?

Wamoja watasema: "Hayo ni mambo ya mainjiniya." Hapana. Kuko programu inaitwa Immich. Ni ya bure, na kila mtu anaweza kusoma namna iliandikwa. Unatafuta laptopu ya zamani yenye memori ya gigabaiti 8, unaweka Linux, kisha Docker, kisha Immich. Laptopu yako ni dhaifu? Weka Piwigo, iko tangu 2002 na haiombi mengi. Disiki ya terabaiti 1 inabeba picha zaidi ya 300 000. Hiyo ni mapicha ya avenue nzima!

Wengine: "Umeme wetu munaujua." Ndiyo, tunaujua sana. Njo maana tunasema laptopu: betri yake inaichunga wakati delestaji inaanguka, inapata muda wa kuzimika vizuri bila kuharibu kitu.

Wengine tena: "Na mega?" Sikiliza vizuri, hapa njo kuko utamu. Unahitaji intaneti kwa kupakua programu na kuifanya mpya. Lakini mapicha yenyewe yanatoka mu telefone na kuingia mu seva kupitia Wi-Fi ya nyumba. Ruta haina hata mega moja? Inatembea tu. Ukitafuta picha zote za shangazi, laptopu yako yenyewe njo inatambua sura yake, si mashini ya ng'ambo.

Lakini tusidanganyane: uhuru uko na kazi yake. Disiki moja si ulinzi. Nakala ziwe 3, na moja ikae fasi ingine, kwa ndugu wa Bukavu ao Kampala, sababu volkano, moto na mwizi hawapige hodi. Funga disiki na neno la siri (Linux inakuuliza siku ya kuiweka), ili mwenye kuiba mashini asione hata sura moja. Usifungulie seva mlango wa intaneti ovyo: ukitaka kuifikia ukiwa mbali, pitia WireGuard. Na kumbuka, picha ya asili inaweza kubeba saa na fasi kamili ulipoipigia. Kwa ushahidi hiyo ni dhahabu. Kwa mtu anayetafutwa ni hatari. WhatsApp inafuta ile alama ukituma picha ya kawaida, kwa hiyo mwenye anatunza asili njo anatunza ushahidi. Juu ya nini huyo asikuwe sisi?

Tunaomba nini? Hatuombi serikali, hatungojee mfazili. Kila kikundi cha vijana kitafute laptopu moja iliyolala chini ya kitanda. Mwenye anajua Linux afundishe wawili, wale wawili wafundishe wane. Anza na mapicha ya mama yako, kisha ya jirani, kisha ya kartiye.

Watoto wetu watauliza hii miji ilikuwa namna gani. Jibu lisikuwe mu mikono ya mtu anayeweza kulifuta siku moja juu hatukulipa.

Mapicha ni yetu. Yakae kwetu!