Vidonge vya mafua visiuzwe bila jina

Nina dukuduku langu kuhusu vidonge vya kuzibua pua. Huku Bagamoyo mtu akishikwa na mafua hununua vidonge viwili vitatu, akafungiwa katika karatasi isiyo na jina wala maelezo. Mafua ni kitu kidogo, ndiyo, lakini dawa yake si pipi.

Vidonge hivyo aghalabu vina dawa inayobana mishipa ya damu puani ili uvimbe upungue. Ikishamezwa haiishii puani. Hubana na mishipa mingine mwilini, moyo ukaenda mbio, presha ikapanda. Mzee mwenye presha atajuaje, na jina la dawa limebaki kwenye boksi la muuzaji? Isitoshe, vingi vimechanganywa na parasetamoli. Akiongeza Panadol juu yake, amekwisha kumeza dawa ile ile mara mbili, na ini ndilo linaloumia.

Tena aina moja, fenilefrini, wataalamu wanaoishauri Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walisema mwaka 2023 kwamba kidonge chake hakizibui pua. Hapo ni fedha tu inayopotea.

Nawaomba wauzaji katika maduka ya dawa muhimu waandike jina la dawa juu ya karatasi, na wamwulize mnunuzi habari za presha kabla ya kupokea fedha. Watoto wadogo wasipewe kabisa. Wakaguzi nao wafike hadi vijijini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bagamoyo.