Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data: Daftari la saiba

KWA: Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi
KUTOKA: Mkazi wa Karatina, Kaunti ya Nyeri
MINT: SIRI ZA WAZEE WETU ZILIZO KWENYE KAUNTA

Bi Kamishna,

Hapa Karatina leo ukungu umeuficha Mlima Kenya na wauza viazi wamefika sokoni kabla ya jua. Siandiki kudai kwamba ofisi yako imelala. Naandika kwa sababu ya daftari.

Daftari lenyewe ni lile gumu lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, ambalo wenye maduka huandikia madeni. Liko juu ya kaunta ya saiba moja karibu na steji ya matatu, kando ya mashine ya fotokopi. Juni iliyopita nilikaa pale karibu saa nzima nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwa nyanya mmoja, cucu kama tunavyosema huku, kutoka upande wa majani chai, aliyekuja kujaza ritani ya kodi ya KRA kabla ya tarehe 30. Alifungua fundo la leso, akatoa kitambulisho, akakiweka kaunta. Kijana wa saiba hakumuuliza nywila. Alifungua daftari, akateremsha kidole kwenye ukurasa mpaka akalipata jina lake. Mbele ya jina palikuwa na nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya simu na nywila. Chini yake kulikuwa na jina la mtu mwingine, na la mwingine, hadi mwisho wa ukurasa.

Walipomaliza ritani ya sufuri wakaingia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, kwa shughuli nyingine. Kabambe ya cucu, simu yake ndogo ya vitufe, ikalia ndani ya mfuko wa sweta. Hakuisoma. Alimpa kijana simu yenyewe, asome mwenyewe nambari ya siri iliyoingia. Kwenye kioo kulikuwa na masharti marefu ya Kiingereza, na chini yake kijisanduku cha kukubali. Kijana akakibonyeza bila kupunguza mwendo. Cucu akalipa, akamtakia baraka, akaenda zake.

Sikuona mwizi pale, Bi Kamishna. Nilimwona kijana mpole anayewahudumia wazee kwa subira ambayo kwenye madirisha mengi ya ofisi hatuipati. Nilipomuuliza kuhusu daftari alishangaa kidogo. "Mwalimu, nisipoandika, mwaka ujao tunaanza upya. Paswadi hawakumbuki. Na imeli hawana, kwa hivyo wengi nimewawekea yangu." Nikamuuliza ni wangapi. Alicheka, akasema hajawahi kuwahesabu.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siku hizi kata ina daftari.

Nakuletea habari hii kwa sababu Serikali imehamia mtandaoni na kutuambia tuifuate huko. Mnamo Juni 2023 Rais alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na malipo yote yakaelekezwa kwenye nambari moja, 222222. Oktoba 2024 tukatoka bima ya afya ya NHIF tukaingia SHA, nako usajili ni kwa simu, *147#, au kwa mtandao. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku naye hungoja ujumbe kwenye simu. Sipingi hata moja kati ya hayo. Nakumbuka foleni za zamani na faili zilizokuwa zikipotea mpaka utoe kitu kidogo. Ila nyingi kati ya huduma hizo zimeundwa kwa ajili ya mtu mwenye simu yake, barua pepe yake, nywila yake na macho yake ya kusoma Kiingereza. Mtu huyo yupo, na yaelekea ndiye aliyekaa kwenye mikutano ilipopangwa mifumo hiyo. Cucu wa leso hakuwepo.

Habari za teknolojia zinapofika huku, hujadiliwa kwa sauti kubwa ndani ya matatu za Karatina kwenda Nyeri mjini, na mara nyingi mjadala huishia pale pale. Agosti 2023, watu wa kampuni ya Worldcoin walipokuwa wakipiga picha mboni za macho ya Wakenya kwa ahadi ya takriban shilingi 7,000, abiria mmoja alisema jicho ni lake na njaa ni yake, basi Serikali inaingiliaje? Mwingine akasema mtu akishauza jicho atabaki kuuza shamba. Serikali ilisimamisha shughuli ile mwezi huo huo, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Gari zima lilifurahia amri hiyo. Tukashuka steji, na baadhi yetu tukaenda moja kwa moja saiba kutoa nakala za vitambulisho na hati za mashamba.

Usemi ninaousikia zaidi, kwa vijana wa boda na hata kwa walimu wenzangu, ni huu: "Mimi sina cha kuficha." Kwa mtu wa Nyeri huo ni usemi wa ajabu. Kaka wawili hapa wanaweza kununiana miaka kumi kwa sababu ya mpaka wa futi mbili. Anayetaka kuhamisha shamba huombwa nini? Nakala ya kitambulisho, nakala ya PIN, picha ndogo na hati yenyewe. Karatasi hizo zote hupita kwenye kioo cha mashine ile ya fotokopi, na zikishaskaniwa hubaki ndani ya kompyuta ambayo mteja anayefuata ataketi mbele yake na flashi yake mkononi. Niliwahi kufungua kompyuta ya saiba kuchapisha barua nikakuta barua ya hospitali ya mtu ninayemfahamu, jina na ugonjwa wake. Niliifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la jirani. Sikuwa nimetafuta chochote.

Anayesema hana cha kuficha akumbuke pia Juni 2021. Wakenya waliingia eCitizen kuangalia tu, wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawakuwahi kuvikanyagia mlango. Malalamiko yalifika ofisini kwako, nawe ulikuwa hujamaliza hata mwaka mmoja kazini. Kumwandikisha mtu chama hakuhitaji siri kubwa. Huanza na jina na nambari ya kitambulisho, na hivyo ndivyo vilivyojaa kwenye lile daftari jeusi.

Wazee wetu hawakuja duniani wakiamini kila karatasi yenye jina lao. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, babu zao walitundikiwa shingoni kipande chenye alama za vidole na habari za mwajiri, ndani ya kijisanduku cha bati. Harry Thuku alipokusanya watu kuipinga serikali ya kikoloni mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu. Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Tofauti ni kwamba mvaaji wa kile cha bati alijua kiko wapi, kwa kuwa kilimgonga kifuani. Cucu wa leso hajui chake kiko kwenye madaftari mangapi.

Najua utaniuliza sheria inasemaje, nami nimeisoma. Kifungu cha 31 cha Katiba kinatupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahsusi, na itolewe na mtu aliyeelezwa akaelewa. Ofisi yako imeonyesha kwamba ina meno. Septemba 2023 ulitoza faini ya jumla ya shilingi 9,375,000 kwa kampuni ya mikopo ya simu iliyotumia nambari za watu kuwatisha, klabu ya burudani iliyotangaza picha ya mteja, na shule iliyoanika picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tulikupigia makofi.

Lakini saiba ya Karatina haifanani na hao. Kanuni za usajili zinamwachilia mtu ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na ambaye ana wafanyakazi wasiofika 10. Saiba nyingi za huku, za Othaya, Mukurwe-ini, Kerugoya na Naro Moru, zina kompyuta nne na mfanyakazi mmoja ambaye ndiye mwenyewe. Haziko kwenye sajili yako. Usajili ungezishinda, na faini ingezifunga. Nakusihi usije na faini. Saiba ikifungwa leo, kesho cucu hana ritani, hana SHA, hana mbolea. Serikali ilijenga nyumba ikasahau ngazi, na yule kijana akajigeuza ngazi.

Dawa imo ndani ya sheria yako yenyewe. Kifungu cha 27 kinaruhusu haki za mwenye data zitumiwe kwa niaba yake na mtu aliyemwidhinisha. Maneno hayo ni mafupi, lakini yanamtambua msaidizi. Kinachokosekana ni mlango wa kumwingizia. Leo msaidizi hawezi kuingia eCitizen kama msaidizi. Hana budi kujifanya ndiye cucu, kwa nywila ya cucu na simu ya cucu. Tumewafundisha watu waaminifu kuingia kwa jina la mtu mwingine, halafu tunatarajia kumtambua mwongo atakapoingia kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hivyo naomba mambo matatu.

La kwanza, keti na wenye eCitizen, KRA na SHA muunde akaunti ya msaidizi. Mjukuu au mhudumu wa saiba aingie kwa jina lake na kitambulisho chake, aruhusiwe kazi moja aliyotumwa, na jina lake libaki kwenye kumbukumbu. Mwenye data apate ujumbe mfupi wa Kiswahili: fulani amekujazia ritani leo, kama hukumtuma, piga nambari hii. Na aweze kumwondoa msaidizi huyo siku yoyote kwa kabambe yake, bila kurudi saiba.

La pili, andika ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Gĩkũyũ upande ule, ubandikwe ukutani kwa kila saiba. Usimwekee mteja barua pepe yako. Usihifadhi nywila yake. Futa ulichoskani kabla hajaondoka. Kijana yule angefuata kama kungekuwa na mtu wa kumweleza. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa Nyeri. Chipu za elektroniki zinatengenezwa huko huko chuoni, na kila mwaka wanafunzi wake hutafuta mahali pa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Wapeni wiki mbili kwenye saiba za vijijini. Watajifunza mambo ambayo maabara haina.

La tatu, njoo. Tarehe 28 Januari ni Siku ya Ulinzi wa Data. Siku hiyo weka meza yako katika soko la Karatina, kati ya wauza nduma na wauza mitumba, na uzungumze na redio za Gĩkũyũ ambazo wazee wetu huzisikiliza toka alfajiri. Usianze na neno data. Anza na swali ambalo kila mzee wa hapa analielewa: ni nani mwingine ana ufunguo wa nyumba yako?

Wiki iliyopita nilipita saiba ile kutoa nakala ya rasimu ya barua hii. Kijana ameniambia amepata kazi Qatar na ataondoka kabla ya Krismasi. Mashine anauza na kompyuta anauza. Daftari bado hajui amwachie nani. Zile barua pepe ataondoka nazo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Karatina