Munkoyo: mizizi haipendi uji unaochemka

Wiki iliyopita likelemba yetu ilipika munkoyo wa lita 20 kwa kuuza. Unga ulikuwa mzuri, mizizi mipya ya soko. Asubuhi tukakuta bado ni uji: mzito, bila utamu. Tukanunua kilo mbili za sukari kuuponya, na faida ikaishia pale. Wote tukasema muuza mizizi ametudanganya. Hata mimi nilisema vile.

Kumbe kosa lilikuwa letu. Tulitia mizizi uji ukiwa bado unachemka.

Utamu wa munkoyo hautoki kwenye mizizi, unatoka ndani ya mahindi. Wanga wa mahindi hauna utamu. Mizizi iliyotwangwa ina enzimu zinazoukata wanga ule kuwa sukari. Ni kazi ile ile ambayo kimea kinafanya kwenye bia. Moto mkali unaziua enzimu, na katika uji uliopoa zinavuta miguu. Zinataka joto la katikati, karibu digri 60.

Nkambo wangu hakuwa na kipimo cha joto. Alingoja mvuke utulie, na hakukosea. Sisi wengine tufanye hesabu. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1200, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye digri 96 hivi, si 100. Pika uji mzito kwa nusu ya maji. Nusu ya pili uichemshe mapema na kuiacha ipoe kabisa, digri 22 hivi. Epua uji, mimina maji yale, koroga: 96 na 22 ni 118, nusu yake 59. Sasa tia mizizi, funika, funga sufuria kwa kitambaa kizito joto lisitoroke. Uji utalegea wenyewe.

Kujua kama kazi imekwisha, weka tone la munkoyo uliochujwa kwenye sahani nyeupe, lipoe, kisha tia tone la iyode ya famasi. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado uko, ngoja tena. Likibaki rangi ya iyode, tayari. Tone lile litupwe, lisirudi kwenye sufuria!

Kisha pima lita moja kwenye mizani. Maji matupu ni gramu 1000. Ukipata 1040, ndani yake mna karibu gramu 10 za sukari kwa kila gramu 100. Lakini iyode itangulie, kwa maana wanga nao una uzito. Ukiongeza maji ili bidoni ijae, namba inashuka, na mteja anajua kabla ya mizani.

Munkoyo wa watoto utolewe siku ya kwanza. Ukilala siku mbili tatu, sukari inageuka kuwa ukali na kilevi.

Ijumaa tunapika tena lita 20. Mwenye mizani ailete.