Mito ya Ufipa Ipimwe Ufipa

Yako mawazo kwamba, maadamu kompyuta zipo, kazi ya kupima mito kwa miguu imepitwa na wakati. Mtaalamu huketi ofisini, akatia tarakimu zake, na mashine ikamjibu kina cha maji na kasi yake. Mawazo hayo ni ya hatari, na mto Kalambo peke yake unatosha kuyakanusha.

Mto huo huanzia nyanda za juu za Ufipa, ukafuata mpaka wetu na Zambia, ukaporomoka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja, kisha ukapenya korongo lenye magenge marefu hadi Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko maji hupita kwenye udongo na majani. Chini yake hupigana na majabali. Ni mto mmoja kwa jina tu.

Kanuni itumiwayo na wahandisi wengi duniani ni ile ya Robert Manning wa Ireland, aliyoitoa mwaka 1889. Hutaka ukubwa wa njia ya maji, mteremko wake, na tarakimu ya ukwaruzo, yaani kiasi ambacho sakafu na kingo za mto huyakwamisha maji. Mambo mawili ya kwanza hupimwa. La tatu, mara nyingi, hukisiwa kutoka vitabu vilivyoandikwa juu ya mito ya watu wengine. Mfereji wa saruji laini hupewa kama 0.013, mto wa milimani wenye mawe makubwa 0.05 au zaidi. Mhandisi akiandika 0.03 mahali panapostahili 0.06, hesabu itamwambia kwamba maji yanakwenda kasi maradufu ya yanavyokwenda kweli. Basi ataamini kwamba mafuriko yatapita yakiwa na kina kidogo, na daraja atalijenga chini. Kompyuta haitamkosoa, kwani haijapata kuuona mto.

Tena tarakimu yenyewe haitulii. Wakati wa kiangazi kila jiwe ni kizuizi. Masika mawe hufunikwa na majani ya kingo hulazwa. Kipimo cha Agosti hakiwezi kuusemea mto wa Februari.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezikabidhi bodi za mabonde kazi hii. Lakini maji ya Ufipa hugawanyika, mengine Tanganyika, mengine Rukwa, na makao ya bodi hizo yako Kigoma na Mbeya. Ni mbali. Kwa hiyo fimbo za kupimia kina zisomwe na wanavijiji wenyewe, asubuhi na jioni, nao walipwe kwa wakati, maana msomaji asiyelipwa huandika tarakimu akiwa nyumbani. Daftari hizo wapewe pia wenzetu wa Zambia, ambao tulitia nao saini mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003. Kazi ianze kabla ya mvua za Novemba.